Njaa isiyokaa tumboni: namna ubongo unavyoyasoma mafuta na kuupanga uzito wa mwili

Maalim wa Chake ameandika:

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, pamoja na nyote mtakaopita hapa.

Uzi huu nimeuanzisha kwa ajili ya dada yangu mkubwa aliyeko Wete, ambaye amenipa ruhusa ya kueleza habari zake madhali sitalitaja jina lake. Mwaka juzi alipungua kilo 14 kwa muda wa miezi 7. Aliacha kutia nazi katika kila chungu, akaacha sukari ya chai, akawa anatembea kila alfajiri hadi bandarini na kurudi, na madera yake akampelekea mshoni ayatie ndani. Haukupita mwaka, kilo 12 zikawa zimerudi, na mshoni akaifumua mishono ile ile aliyoishona. Siku moja alikwenda kupima presha katika kituo kimoja cha afya. Mhudumu aliitazama mizani, akamtazama yeye, kisha akamwambia mbele ya watu waliokaa kwenye benchi: "Bibi, funga mdomo." Dada alikuja kwangu Chake siku ile ile, akakaa barazani hata buibui hajalivua, akaniuliza: "Wewe si unasomesha biolojia? Basi niambie, kwa nini njaa niliyonayo siku hizi haikai tumboni? Tumbo limejaa wali, na kichwa kinaniambia sijala."

Nilichelewa kumjibu. Jibu la haraka nilikuwa nalo, nalo lilikuwa ni lile lile la mhudumu lililotiwa adabu kidogo. Jibu la kweli ni refu zaidi, na kwa maoni yangu linastaajabisha zaidi, kwa kuwa linasema kwamba mwenye kauli kubwa juu ya kiasi cha mafuta kitakachobaki mwilini ni sehemu ya ubongo yenye ukubwa wa lozi, na kwamba sehemu hiyo hutoa kauli yake kwa kuyasoma mafuta yenyewe.

Sehemu hiyo huitwa hipothalamasi. Imekaa chini kabisa ya ubongo, na ndiyo inayosimamia joto la mwili, kiu, usingizi na njaa. Mwaka 1940, Albert Hetherington na Stephen Ranson, waliokuwa wakifanya kazi Chicago, waliwajeruhi panya kwa makusudi katika sehemu hiyo tu, na panya wale wakanenepa kupita kiasi. Matumbo yao yalikuwa mazima. Kilichoharibika ni kibaba cha kupimia. Baadaye ikajulikana kwamba ndani ya hipothalamasi mna makundi mawili ya seli za neva yanayovutana kama watu wanaoshindana kuvuta kamba. Kundi moja, linalotoa kemikali ziitwazo AgRP na NPY, humsukuma mtu ale na huuamrisha mwili ubane matumizi ya nguvu. Kundi la pili, linalojulikana kwa jina la POMC, hutuliza. Shibe na njaa tunazozijua sisi zinatokana na mvutano huo kuliko zinavyotokana na ukubwa wa tumbo.

Sasa, ubongo unajuaje kwamba ghala lina akiba nyingi au chache? Jibu la kwanza lilianzia kwa panya wanene wa maabara ya Jackson huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani. Douglas Coleman wa maabara hiyo alimshona panya mnene ubavu kwa ubavu na panya wa kawaida ili damu zao zichanganyike, na yule mnene akapunguza kula. Coleman akaelewa kwamba ndani ya damu ya panya mzima mna kitu ambacho mnene hana. Kitu hicho kilipatikana mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoitambua jeni yake. Ni homoni inayotengenezwa na seli za mafuta zenyewe, nayo ikaitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Mafuta yakiwa mengi, leptini huwa nyingi na kundi la kutuliza hupata nguvu. Yakipungua, leptini hushuka, na kundi la kusukuma ulaji hubaki peke yake na kamba.

Mwaka 1999 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za mtoto wa kike wa miaka 9 aliyekuwa na kilo 94, ambaye mwili wake haukuweza kutengeneza leptini kwa sababu ya hitilafu ya jeni. Alidungwa homoni hiyo kila siku, na baada ya mwaka mmoja alikuwa amepungua kilo 16 hivi, takriban zote zikiwa za mafuta. Nimelitaja jambo hili kwa ajili ya wale wanaoamini kwamba unene siku zote ni ulafi. Mtoto yule hakuhubiriwa. Alipewa ujumbe uliokosekana.

Watu wengi walio wanene, hata hivyo, hawana upungufu wa leptini; wanayo tele, isipokuwa ubongo umeacha kuisikiliza, kama mtu aliyehamia jirani na jenereta ambaye baada ya mwezi hausikii tena muungurumo wake. Balaa ni kwamba leptini ikishuka, ubongo huo huo uliokuwa kiziwi husikia mara moja. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walieleza habari za watu wanene 50 walioingizwa katika mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mzima baada ya mlo huo kwisha, leptini yao ilikuwa bado iko chini ya ilivyokuwa kabla, ghrelini, ambayo ni homoni ya njaa itokayo tumboni, ilikuwa bado iko juu, na wenyewe walisema kwamba njaa yao imezidi. Dada yangu nilipomsomea hapo alikaa kimya, kisha akasema, "Mwaka mzima!"

Nitaendelea baada ya Isha, kwani mafuta yenyewe bado sijayafikia.

Maalim wa Chake ameandika:

Naendelea.

Leptini ni barua inayotoka ghalani. Lakini ubongo hautosheki na barua. Unaupima na mzigo wenyewe unaopita, na hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Kila aliyewahi kukuna nazi anajua kwamba mafuta na maji hayakai pamoja. Chukua tui la kwanza, lile zito, uliweke katika friji usiku kucha. Asubuhi utalikuta limejitenga: juu pana tabaka jeupe lililoganda hata kijiko kinasimama, na chini yamebaki maji ya kijivu. Damu nayo ni maji. Mafuta tuliyoyala hayawezi kusafiri humo yakielea ovyo, kwa hiyo hufungwa katika vifurushi vya mafuta na protini viitwavyo lipoproteini, navyo hupita katika mishipa kama majahazi yaliyosheheni. Jahazi haliingii dukani. Ni lazima awepo kuli wa kuushusha mzigo. Kuli wa damu ni kimeng'enya kiitwacho lipoproteini laipesi, ambacho huyakata mafuta yaliyomo ndani ya kifurushi na kuziachia asidi za mafuta, na hizo ndizo zinazoweza kuingia ndani ya seli.

Kuli huyo amejulikana siku nyingi kwa kazi yake katika misuli na katika tishu za mafuta. Ajabu ni kwamba anapatikana pia ubongoni, ingawa ubongo hautumii mafuta kama kuni zake kuu. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili na hutumia takriban asilimia 20 ya nguvu zake, lakini nguvu hizo huzipata zaidi katika glukosi, na katika ketoni, yaani kemikali ambazo ini huzitengeneza kutokana na mafuta, mtu anapokaa muda mrefu bila ya kula. Basi kuli wa mafuta anangoja nini katika bandari ambayo kuni zake si mafuta?

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walilieleza jibu lao. Waliwazalisha panya waliokosa kimeng'enya hicho katika seli za neva tu, huku misuli na tishu zao za mafuta zikiendelea nacho kama kawaida. Panya hao walianza kula kupita kiasi, na walipofikisha umri wa wiki 16 walikuwa wanene. AgRP na NPY, zile kemikali za kusukuma ulaji, zilikuwa zimepanda katika hipothalamasi, na baadaye hata kiwango cha kuchoma nguvu kikashuka.

Tulisome jambo hilo polepole, kwani linakwenda kinyume na tulivyozoea kufikiri. Panya hawa hawakuharibikiwa kwa kuwa mafuta yaliwajaa ubongoni. Walinenepa kwa kuwa mafuta hayakuingia ubongoni ya kutosha. Ghala limejaa, majahazi yamejaa, lakini karani wa bandari haoni mzigo ukishuka, basi anaandika katika daftari lake kwamba hakuna kitu na kwamba iagizwe shehena nyingine. Njaa inayobaki baada ya sahani kumalizwa inaweza kuwa ni ya namna hiyo hasa: chakula kipo, khabari haijafika.

Kabla ya hapo, mwaka 2002, watafiti wa New York walikuwa wameshaonyesha upande wa pili wa jambo hili kwa kuwatilia panya asidi ya oleiki, ambayo ndiyo iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, moja kwa moja katika ubongo. Panya wakala kidogo, na ini lao likapunguza kumwaga sukari katika damu. Walipojaribu asidi ya oktanoiki, ambayo ni fupi, yaani mnyororo wake wa kaboni ni mfupi, matokeo hayo hayakutokea. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba panya akilishwa kupita kiasi kwa siku tatu tu, ile asidi ya oleiki haimtulizi tena. Siku tatu, ndugu zangu, ni sawa na Sikukuu moja ya Idd.

Ukhti wa Michenzani ameandika:

Waalaykumu salaam Maalim, na shukran kwa darsa. Nina suali moja linalonitatiza. Ninapofunga Ramadhani, ifikapo saa 9 mchana mwili wangu unakuwa umeshaanza kuyatoa mafuta yake ghalani, kwa hiyo asidi za mafuta katika damu zinapanda. Ikiwa asidi za mafuta zikifika ubongoni huleta shibe, mbona mimi wakati huo nikipita Darajani nikasikia harufu ya sambusa magoti yanalegea? Kwa hesabu yako mfungaji angepaswa kushiba kabla ya Magharibi.

Maalim wa Chake ameandika:

Ukhti, suali lako ndilo lililoutesa utafiti huu wenyewe, na nakuombea kheri kwa kuliuliza.

Jibu ni kwamba kinachohesabika ni kile ambacho seli huyafanyia mafuta baada ya kuyapokea. Asidi ya mafuta ikishaingia ndani ya seli ina njia mbili. Inaweza kuingizwa katika mitokondria, ambayo ni tanuri ya seli, ikachomwa. Au inaweza kubaki nje ya tanuri ikajilimbikiza. Katika mlango wa tanuri pana protini iitwayo CPT1, na mlango huo una komeo, nalo ni kemikali iitwayo malonili-KoA. Umekula wali, glukosi imepanda, insulini imepanda: seli hutengeneza malonili-KoA, komeo hufungwa, na mafuta hulimbikizana nje ya mlango. Seli ya neva huusoma mlimbiko huo kwamba nyumba ina chakula.

Ukiwa umefunga, mambo hugeuka. Ndani ya seli mna kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho huamka nguvu zinapopungua. Kikiamka hukizima kile kimeng'enya kinachotengeneza malonili-KoA. Komeo hufunguka, na kila asidi ya mafuta inayoingia hupelekwa tanurini moja kwa moja. Mafuta yanapita kwa wingi lakini hayakai, na kwa kuwa hayakai, seli inasoma ukame. Mwaka 2004 ilionyeshwa katika panya kwamba kutokula hukipandisha AMPK katika hipothalamasi, na kwamba leptini hukishusha. Ghrelini hukipandisha. Hivyo barua itokayo ghalani na mzigo upitao bandarini vyote huishia kwenye mlango ule ule mmoja.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, waliligusa komeo hilo mwaka 2000 kwa dawa waliyoiita C75, ambayo huzuia utengenezaji wa asidi za mafuta na hivyo kuiacha malonili-KoA ijazane. Panya waliodungwa waliacha kula karibu kabisa na wakapungua mwili. Mpaka leo wanabishana kama ujumbe wenyewe wa shibe ni ule mlimbiko wa mafuta au ni malonili-KoA peke yake, na mimi naona ubishi huo una maana, kwa sababu atakayeshinda ndiye atakayejua pa kuielekeza dawa.

Kuhusu sambusa za Darajani: ghrelini ina tabia ya kupanda inapokaribia saa ya mlo uliouzoea, kisha hushuka hata usipokula. Ndiyo maana katika siku za mwanzo za Ramadhani saa ya chai ya asubuhi huuma, halafu yenyewe hupita. Na kichekesho kilichomo ni kwamba homoni hiyo, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, haifanyi kazi yake ya njaa mpaka ibandikwe asidi ya mafuta, na asidi inayobandikwa ni ile ile fupi ya oktanoiki. Mafuta marefu hutuliza, na mafuta mafupi huipa njaa ulimi.

Abu Nassir ameandika:

Maalim, kwa ufupi unatuambia tule samli na nazi kwa wingi ili ubongo ushibe? Mke wangu ameusoma uzi huu na ameshafurahi.

Maalim wa Chake ameandika:

La, Sheikh, na umwombe radhi shemegi kwa niaba yangu. Panya wale walitiliwa mafuta ubongoni kwa sindano, kiasi kidogo mno. Mafuta yanayopitia mdomoni yana kilokalori 9 kwa kila gramu, dhidi ya 4 za wanga au protini, na mengi yake huishia ghalani. Juu ya hayo, karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo ni fupi kuliko oleiki, kwa hiyo matokeo ya moja huwezi kuyahamishia kwa nyengine kwa kukisia tu. Nazi ni tamu na inatosha kusifiwa kwa hilo.

Muuguzi Mstaafu ameandika:

Mwanangu, umeeleza vizuri, lakini niruhusu nikusahihishe pahala pamoja. Umeandika kana kwamba seli ya neva ndiyo inayoyachoma mafuta kwa wingi tanurini. Tulivyofundishwa, na inavyosemwa hadi leo, kazi kubwa ya kuchoma asidi za mafuta ndani ya ubongo hufanywa na seli za usaidizi zinazozizunguka neva, yaani astrosaiti, nazo huweza kuzigeuza kuwa ketoni na kuzipeleka kwa jirani yake. Neva yenyewe hutegemea zaidi glukosi. Kwa hiyo ndani ya bandari yako kuna mtu wa kati ambaye hukumtaja.

La pili, ule uziwi wa leptini uliouzungumza una sababu zinazoonekana kwa darubini. Mwaka 2012 watafiti wa Seattle walieleza kwamba panya waliopewa chakula chenye mafuta mengi walionyesha dalili za uvimbe (si wa saratani, ni ule wa tishu iliyoudhiwa) katika hipothalamasi ndani ya siku tatu za mwanzo, kabla mwili haujanenepa sana. Na watu wa Campinas, Brazili, walikuwa wameshaliona jambo hilo la uvimbe mwaka 2005. Mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi, na kila nikikumbuka namna tulivyokuwa tukiwasema wagonjwa wanene, nafsi inanisuta.

Maalim wa Chake ameandika:

Bi mkubwa, nimekubali na nashukuru. Astrosaiti nilizijua lakini nilizirukia ili maelezo yawe mepesi, na wepesi huo ukawa kosa. Kwa atakayesoma baadaye: palipoandikwa kwamba seli huchoma, aelewe kwamba kazi hiyo hugawanywa baina ya neva na jirani zake.

Habari ya siku tatu imenikaa, kwa sababu inalingana na zile siku tatu za asidi ya oleiki. Siku chache za ulaji uliopita kiasi zinatosha kukitia kutu kibaba.

Mzee wa Kojani ameandika:

Wanangu, mimi ni mvuvi, na hayo ya tanuri nimeyafuata mpaka nikachoka. Suali langu ni jepesi. Enzi zetu Kojani watu wanene ulikuwa ukiwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mtu mnene alikuwa akisifiwa kwamba amenawiri. Leo wamejaa kila nyumba. Ubongo wa watu umebadilika kwa umri wangu mimi mmoja?

Maalim wa Chake ameandika:

Haukubadilika, mzee wangu, na suali lako ni zito kuliko unavyolipa sifa. Ubongo ni ule ule uliojengwa kwa ajili ya misimu ya dhiki. Unajua sana kupigana na kupungua, kwa sababu aliyepungua sana katika njaa alikufa. Kupigana na kuongezeka haukupata kufundishwa kwa bidii kama hiyo.

Ngoja nikupe mfano wa dhiki ya kutengenezwa. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa muda wa miezi 6 mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walikuwa wazima wa mwili na wa akili walipoingia. Baada ya miezi kadhaa walikuwa wakiota chakula, wakisoma vitabu vya mapishi kama watu wanavyosoma hadithi, wakilamba sahani, na miili yao ikawa baridi na mizito kwa kila kazi. Walipoachiwa, wengine walikula mpaka wakaumwa, na bado wakasema hawajashiba. Hiyo ni njaa ya kichwani, nayo iliwapata watu ambao hakuna aliyeweza kuwaita walafi.

Enzi zenu, mzee, muhogo ulichimbwa, samaki alivuliwa kwa kasia na tanga, nazi ilikunwa kwa mbuzi na mkono, na mtu alitembea hadi shamba. Mafuta yalikuwa yakifika nyumbani kwa kibati. Leo yanafika kwa ndoo ya lita 20, soda iko katika kila kibanda, na kijana hapandi kilima cha Chake kwa miguu maadamu pana bodaboda. Kibaba ni kile kile. Kinachomiminwa ndani yake ndicho kilichobadilika.

Ukhti wa Michenzani ameandika:

Na zile chai za kupunguza mwili zinazouzwa mitaani? Jirani yangu alikunywa mwezi mmoja, akapungua kweli, lakini moyo ukawa unampiga mbio usiku.

Maalim wa Chake ameandika:

Ukhti, mwambie jirani aache na aende akapimwe moyo. Chai zinazouzwa kwa jina la miti shamba zimekutwa mara nyingi katika nchi mbalimbali zimetiwa sibutramini, dawa inayopunguza njaa kupitia ubongoni, ambayo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhusishwa na maradhi ya moyo na kiharusi. Siwezi kusema iliyomo katika chai ya jirani yako ni nini, lakini mapigo hayo ya usiku si jambo la kulisubiri.

C75 niliyoitaja haikuwa dawa ya watu. Dawa zinazosikika sana sasa ni za aina ya semaglutidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya uzito. Zinaiga homoni ya utumbo, zinachelewesha tumbo kumwaga chakula, na zinafika pia katika zile sehemu za ubongo tunazozizungumza. Waliozitumia wamepungua sana, na walioziacha wengi wao wamerudiwa na sehemu kubwa ya uzito ndani ya mwaka. Ni dawa za daktari, za kufuatiliwa, na bei yake kwa mtu wa kawaida huku kwetu ni ya kukatisha tamaa.

Abu Nassir ameandika:

Nimeacha utani, Maalim. Dada yako amefanya nini mwishowe?

Maalim wa Chake ameandika:

Jana nilikwenda Wete, nikamsomea uzi wote huu jikoni, naye amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alinisimamisha mara mbili, pahala pa karani wa bandari na pahala pa vijana wa Minnesota. Kilo zile 12 bado anazo. Amerudi kutembea alfajiri, safari hii kwa ajili ya presha, nayo imeshuka. Mizani hajaipanda tangu mfungo mosi. Kile kituo cha afya amekihama, anapimwa kwengine.

Kisha akaniuliza suali ambalo nyinyi hamkuliuliza. Katika utafiti wa Colorado, hipothalamasi za wale panya wanene zilikuja kukutwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya omega-3, na omega-3 ndiyo inayosifiwa katika samaki wetu wenye mafuta. Basi akila dagaa kwa wingi, karani ataandika vizuri? Nikamwambia kwamba hilo halitokani na utafiti ule: panya walipungukiwa kwa kukosa kuli wa kuushusha mzigo, hawakupungukiwa kwa kukosa mzigo, kwa hiyo kuongeza shehena hakumrudishi kuli kazini. Akakung'uta chicha mkononi, akasema dagaa ataendelea kuwala kwa sababu ni watamu, na kwamba hilo halihitaji panya.